Jana ulikuwa wapi? Mnauliza kuhusu klabu za basketi mtaani, kocha anajibu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba klabu ya mpira wa kikapu ya mtaani inalea watoto kuliko tunavyoipa sifa, basi simu yangu haijapumzika. Mengine maswali ya maana, mengine matusi (hayo nimeyafuta), na nimechagua matano. Niliowajibu moja kwa moja kwenye wasapu mnisamehe, sirudii hapa. Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, mi sio kocha wa timu kubwa, mchana nauza vifaa vya umeme na jioni nafundisha madogo kwenye uwanja wa sementi hapa Dar, kwa hiyo nikiteleza kwenye kanuni za wakubwa mnirekebishe kwa upole.

SWALI: Habari kocha. Mwanangu ana miaka 14 yuko kidato cha pili. Tangu ajiunge na klabu ya basketi ya hapa mtaani anarudi saa moja usiku, kachoka, anakula analala. Baba yake anasema huo ni uhuni, ni mavazi mapana na miziki, anataka amtoe. Na kweli hesabu zimeshuka. Ila mi naona ametulia kuliko zamani alivyokuwa anashinda kijiweni na wenye mikeka. Nimtoe au nimwache? (Mama wa Mbagala)

Mama, mwambie baba kwamba hajakosea sana, huu mchezo ulitungwa kwa ajili ya wahuni haswa. Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, mwalimu mmoja anaitwa James Naismith alipewa darasa la vijana 18 waliowashinda walimu wengine, nje baridi kali hakuna kucheza, ndani wanachoka na mazoezi ya viungo wanaleta fujo. Akagongelea vikapu vya matunda kwenye kingo za roshani ya ukumbi wa YMCA (chama cha vijana wa Kikristo), akaandika kanuni 13, akawarushia mpira. Ile roshani ilikuwa na urefu wa futi 10 na mpaka leo ringi iko hapo hapo, mita 3.05. Kwa hiyo mchezo wenyewe ulianza kama dawa ya vijana wasiotulia, na hata hapa kwetu ukienda Upanga utakuta timu ya Savio imetokana na kituo cha vijana cha Don Bosco, na Don Bosco mwenyewe kule Italia kazi yake ilikuwa kuokota watoto wa mtaani na kuwapa pa kucheza na pa kusoma. Sio bahati mbaya mama, kikapu na malezi vimeanza pamoja.

Lakini sikwambii umwache tu kwa sababu ya historia. Nakwambia nenda pale uwanjani siku moja, usimwage taarifa kwamba unakuja, kaa pembeni saa nzima uangalie. Usiangalie nani anafunga. Angalia kama kocha ana daftari.

Niseme kisa cha kwetu. Tuna kauntabuku moja imechakaa ganda, kila dogo akifika anaandika mwenyewe jina na saa aliyofika, na mimi nikifunga duka naipitia. Kuna mmoja alikosa Jumanne, akakosa Alhamisi. Ijumaa nikapita kwao nikamkuta nje anaosha bodaboda za watu, sikumgombeza, nilimuuliza tu, jana ulikuwa wapi? Akaangalia chini, akanyanyua mguu akanionyesha raba, soli imeachia mbele yote inapiga pa pa pa kama mdomo wa bata, akasema kocha naona aibu wenzangu wananicheka. Yaani siku mbili zote ni soli. Tukaenda kwa fundi viatu kona ile, akaipiga gundi, akaizungushia uzi wa nailoni pembeni, hela ya chipsi kavu tu. Jumamosi dogo alikuwa wa kwanza kufika. Sasa mi najiuliza, nisingekuwa na lile daftari ningejua? Ningesema tu huyu kaacha, na angekuwa ameacha kweli, na ile saa kumi mpaka saa kumi na mbili ya jioni ingejazwa na watu wengine wenye mipango yao.

Ndio maana nasema klabu haimshiki mtoto kwa mpira, mpira ni chambo. Inamshika kwa sababu kuna mtu mzima ambaye sio mzazi wala mwalimu wake wa shule anayegundua kwamba leo hayupo. Ukikuta kocha wa mwanao hajui majina ya watoto, hajui nani yuko darasa la ngapi, anajua tu nani anashuti vizuri, hapo mtoe hata kesho.

Hesabu sasa. Ongea na kocha, mwambie ripoti imeshuka, mwambie mbele ya mtoto. Klabu nyingi za madogo zina utaratibu ripoti ikishuka unakaa benchi mechi mbili, na amini usiamini benchi inauma kuliko fimbo ya baba. Na kama mazoezi yanaisha saa kumi na mbili afu yeye anafika nyumbani saa moja, hiyo saa moja katikati muulize inaendaga wapi, hilo sio la kocha ni la kwako.

Mavazi mapana sina jibu, hata mi baba yangu alilalamika.

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 17, urefu wangu ni futi 5 na inchi 6. Napenda sana basketi lakini nimeanza mwaka huu, watu wananiambia nimechelewa na mi ni mfupi. Nikiwaambia mbona Thabeet alichelewa wananicheka. Niache? (Dogo wa Tabata)

Marahaba. Ni kweli Hasheem Thabeet alianza kucheza akiwa na miaka kama 15 hapa hapa Dar, na 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti nzima ya NBA, yaani pale timu za ligi kubwa ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies, lakini dogo yule ana mita 2.21, alichelewa kuanza ila hakuchelewa kurefuka. Usimtumie kama mfano, watakucheka kila siku. Mtumie Muggsy Bogues, futi 5 na inchi 3 tu, yaani wewe unamzidi inchi tatu, na amecheza NBA misimu 14.

Ila nikwambie ukweli kama mdogo wangu, wewe na mi hatuendi NBA. Sasa kama raha yako ni mchezo wenyewe baki, cheza, na uombe kocha akufundishe meza. Watu hawajui kwamba mechi haiendi bila watu wa meza, wa kuandika skoshiti, wa saa, wa kuhesabu zile sekunde 24 za timu kurusha mpira, na kila ligi ya mkoa inawatafuta. Ukishazoea meza unaomba kozi ya urefa. Nawajua vijana wanaokula kwa urefa wikiendi na walikuwa wachezaji wa kawaida kabisa, mmoja tulikuwa tunamwita Beseni kwa jinsi alivyokuwa anapoteza mpira, leo anapuliza filimbi na sisi makocha tunamwogopa.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina binti wa miaka 15, tuko Mombasa. Ametakwa na timu ya hapa mtaani na mwenyewe anapenda mno, lakini mimi na babake tuna mambo mawili. Kwanza hijabu, kuna mtu katuambia akifika mashindano makubwa atavuliwa. Pili wanaume waliojaa pale uwanjani. Twakuomba ushauri. (Mama Binti, Mombasa)

Waaleikum salaam mama. La kwanza hilo limepitwa na wakati, huyo aliyewaambia alikuwa na haki zamani. Kweli FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilikuwa inakataza kitu chochote kichwani na kuna timu za wanawake zilitoka uwanjani kwa sababu hiyo, mwaka 2014 kwenye michezo ya Asia kule Incheon dada zetu wa Qatar waligoma kucheza kuliko kuvua. Lakini Mei 2017 kanuni ikabadilishwa na kuanzia Oktoba mwaka huo ruksa. Masharti ni ya kawaida tu: isifunike uso, isiwe na kitu kinachochomoza au kuning'inia, isimwumize mvaaji wala mwenzake, na rangi iendane na timu, nyeusi au nyeupe au rangi kubwa ya jezi, na wote wanaovaa wavae rangi moja. Kwa hiyo pini hapana mama, pini ndio hatari, tafuteni ile ya kuvuta kichwani kama soksi, ya kitambaa kinachonyonya jasho. Mikono na miguu vilevile, zile taiti za kubana zinavaliwa chini ya jezi bila tatizo. Kama kuna refa wa mtaani bado anabisha, kocha achapishe kanuni aje nayo mfukoni.

La pili ni zito zaidi na siwezi kulimaliza nikiwa Dar. Msiulize kama kuna wanaume, wapo, uwanja ni wa watu. Ulizeni nani anakaa na mabinti. Kuna kocha mwanamke au hata mama mmoja mlezi anayekuwepo kila zoezi? Wakisafiri kwenda mechi analala nani chumba gani, na karatasi ya ruhusa mnasaini nyinyi au kuna mtu anawasainia? Kocha anawatumia mabinti meseji moja moja usiku au kuna kundi moja ambalo wazazi mmo? Mi kwangu hakuna kocha anayebaki na mtoto mmoja peke yake, awe wa kike awe wa kiume, na hakuna "twende nikakununulie raba" bila mzazi kujua. Kocha mzuri hachukii kuulizwa haya, anafurahi. Anayenuna mmeshapata jibu lenu.

Na muda, waombeni wamalize kabla ya Maghrib, kama klabu inataka mabinti wa Kiislamu wa Mombasa hilo nadhani ni la kuanzia hata kabla ya mipira. Halafu siku moja mpelekeni ukumbi wa Makande akawaone akina dada wa KPA, timu ya mamlaka ya bandari, wanavyocheza, wale wamebeba ubingwa wa Kenya zaidi ya mara moja na wametoka mjini kwenu, sio mbali.

SWALI: Kocha mwenzangu, nina watoto 37 na mipira miwili, mmoja umepara hauna hata nukta. Kila mtoto anachangia mia tano kwa wiki na tayari kuna wazazi wanasema nakula hela. Sasa kuna mheshimiwa mtarajiwa kaja, anataka kutupa jezi seti mbili na mipira kumi, ila jezi ziwe na picha yake na watoto waende kwenye mkutano wake. Nikatae? Na kusajili klabu inasaidia nini? (Kocha wa Mwanza)

Kaka nakuelewa mpaka kwenye mifupa. Mpira uliopara ukiwa na jasho ni kama kushika sabuni, na mi nimeshawahi kujaza upepo kwa pampu ya gereji ya boda, sindano naipaka mate kwanza ili isichane vali, kila siku jioni kabla ya zoezi, maana ulikuwa unavuja ukifika robo ya tatu haudundi tena.

Jezi kataa picha. Mwambie tunashukuru, jina la mfadhili tutaliandika kwenye ubao na kwenye kurasa yetu, mgeni rasmi kwenye bonanza tutakuita, lakini mtoto hatumvalishi uso wa mtu na hatumpeleki kwenye mkutano. Sababu sio siasa tu. Akishinda, jezi zinakuwa za upande mmoja na nusu ya wazazi wanaondoa watoto. Akishindwa, nani atavaa ile picha? Kuna klabu naijua (siitaji) waliishia kuvaa jezi ndani nje miezi sita, namba hazionekani, refa anaandika faulo kwa kukisia. Wengi wakiambiwa hivyo kwa heshima wanatoa hata mipira mitano, na mitano kwa watoto 37 ni utajiri. Ukiomba, omba saizi kabisa usiseme mipira tu, namba 7 ni ya wanaume, 6 ya wanawake, 5 ya wale wadogo, maana ukiletewa saba tupu wale wa darasa la tatu watajifunza kurusha kwa kiuno na tabia hiyo haitoki.

Mia tano ya wiki sasa, hapo wewe ndio una kosa, samahani. Sikusemi kwamba unakula. Unakusanya peke yako, unaandika peke yako na unatumia peke yako, hata malaika angesemwa. Wachague wazazi wawili, mmoja ashike hela mmoja ashike daftari, wewe usishike kabisa, wewe unaomba. Kila mwisho wa mwezi mnabandika karatasi kwenye nguzo ya goli, imeingia kiasi gani, maji kiasi gani, nyavu kiasi gani. Mwezi wa kwanza utaona wanasoma wote, mwezi wa tatu hamna anayesoma, na maneno yameisha. Na asiye na mia tano acheze, hilo usijadili na mtu, maana yule asiye na mia tano ndio hasa uliyemfungulia klabu.

Kusajili ndio, fanya. Anzia kwa afisa michezo wa halmashauri yako, atakwambia habari ya katiba na viongozi, na usajili wenyewe uko kwa msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT. Faida yake sio cheti cha kutundika. Unafungua akaunti kwa jina la klabu, unaandika barua kwa kampuni ukasikilizwa, unaingia ligi ya mkoa, na siku mtu akitaka kugeuza uwanja kuwa maegesho una miguu ya kusimamia. Ila usije ukadanganywa kwamba ukisajili utapata ile asilimia 10 ya halmashauri ya kununulia jezi. Ile ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, na ni mkopo, hauna riba lakini unarudishwa, kwa hiyo ni ya kikundi chenye biashara. Vijana wako wakubwa waliomaliza shule wakitaka kuanzisha kitu, juisi au kinyozi au lolote, hapo sawa wakaulize.

Halafu wazazi wakikuuliza basketi inatoa nini, usiwatajie NBA. Au ukiitaja itaje hivi: Luol Deng ni mtoto wa Wau, Sudan Kusini, kapita Misri kama mkimbizi akaingia London, na kabla Chicago Bulls wa NBA hawajamjua alikuwa anafundishwa kwenye klabu ya mtaa, Brixton Topcats. Baadaye ndio akarudi kuongoza shirikisho la kikapu la kwao, na Sudan Kusini wakafika Olimpiki ya Paris 2024. Mi kinachonigusa kwenye hiyo stori sio Bulls, ni kwamba mkimbizi hana kitu anafika mji mgeni na kuna mlango wa ukumbi uko wazi jioni.

SWALI: Kocha, kuna jamaa anajiita wakala. Amemwona mdogo wangu wa miaka 16 akicheza, ana mita 1.98, anasema ana shule Marekani itampa skolashipu. Anataka laki nane za "kufungua faili" na pasipoti ya dogo akae nayo yeye. Mama anataka kuuza kiwanja kidogo. Kocha wa klabu yetu hajaambiwa, jamaa amesema tusimwambie. (Kaka Mtu, Kigamboni)

Hili nimeliweka mwisho lakini nilikujibu kwenye simu siku ile ile, naliweka kwa ajili ya wengine. Zuieni kiwanja.

Sisemi ni uongo wote. Skolashipu za kikapu zipo, Thabeet mwenyewe alisoma hai skuli Texas kabla ya kwenda chuo kikuu cha Connecticut, Deng alitoka London akiwa na miaka 14 akaenda kusoma New Jersey. Lakini shule ya kweli inaandika barua kwa familia, ina jina na simu unayoitafuta mwenyewe, sio ile aliyokupa yeye, na inatoa fomu inaitwa I-20 ambayo bila hiyo ubalozi haukupi viza ya mwanafunzi. Fomu hiyo inatoka shule, haitoki kwa wakala. Akikwambia ni timu ya kulipwa sio shule ndio kabisa, FIBA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi kwenda nchi isipokuwa kwa kesi maalum, na hizo kesi shirikisho la nchi linajua, yaani TBF ni mtu wa kwanza kuambiwa sio wa mwisho.

Pasipoti usimpe mtu. Sio yeye, sio mimi. Watoto wanaofika nchi za watu, goti linaumia, wakala hapokei tena simu na pasipoti anayo yeye, mambo haya yapo na hayajaanza jana.

Kilichonishtua zaidi ni hilo la msimwambie kocha. Kocha ndiye mwenye daftari, ndiye anajua dogo kaanza lini, ana umri gani kweli, goti lake la kushoto likoje. Anayetaka mema hakwepi huyo mtu. Fanyeni hivi, mpigieni jamaa mwambieni familia imekubali kuongea, aje uwanjani Jumamosi saa mbili asubuhi, kocha atakuwepo, mama atakuwepo, na aje na barua ya shule. Msigombane naye kwenye simu.

Asipotokea, dogo ana mazoezi Jumatatu kama kawaida, na mwambie aandike jina.